Swali la Mtoto Kuhusu Mbegha

Miaka michache iliyopita nilikaa nyuma ya darasa la pili katika shule moja ya msingi milimani Lushoto. Mwalimu alisimulia vizuri kisa cha Mbegha, mwindaji aliyekuja kuwa mtawala wa kwanza wa Wakilindi katika Usambara, kisha akachora ubaoni safu nne: wahusika, mandhari, tatizo, mwisho. Watoto walizijaza kwa utii. Mhusika mkuu: Mbegha. Mandhari: msitu. Tatizo: simba. Mwisho: akawa mfalme. Ndipo binti mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, kwani wale watu wa Vuga hawakuwa na mkubwa wao?" Kengele ililia kabla hajajibiwa.

Nimelibeba swali lile hadi leo, kwa sababu kwangu ndilo swali la historia.

Tukikumbuke kisa kwa ufupi. Mbegha alizaliwa Ungulu. Meno yake ya juu yalitangulia kuota, akahesabiwa kigego, mtoto wa mkosi, na ndugu zake wakamnyima urithi. Alikimbilia Kilindi, huko mtoto wa mtawala akafa walipokuwa mawindoni, naye akakimbia tena. Alipanda milima ya Usambara na mbwa wake, akawaua nguruwe walioharibu mashamba, akawagawia watu nyama, nao wakampa chakula cha shambani. Huko Vuga aliua simba, akapewa utawala. Mfalme wa Washambaa akaitwa Simba Mwene.

Sasa tazama safu ya mandhari. Neno "msitu" halitoshi. Kwa Washambaa, Shambaai ni nchi ya juu, yenye baridi, mvua na migomba. Nyika ya chini ni mahali pa joto, maradhi na hatari. Kisa kinamtoa mtu porini na kumfikisha mgombani, kinamtoa kwenye nyama na kumfikisha kwenye chakula cha wakulima. Mwanahistoria Steven Feierman, katika kitabu chake cha mwaka 1974 kuhusu ufalme wa Washambaa, ameonyesha jinsi tofauti hizo zinavyokibeba kisa kizima. Mandhari hapa ndiyo hoja yenyewe.

Tatizo nalo ni zaidi ya simba. Kabla ya Wakilindi, Washambaa waliongozwa na wakubwa wa koo na vijiji vyao, na wafugaji Wambugu walikuwa wamekwisha kuingia milimani. Binti yule alikuwa amegusa jambo ambalo kisa kinalipita haraka: utawala ulitolewa na nani, na nani aliupoteza?

Habari hizi ziliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi katika *Habari za Wakilindi*, na jina la kitabu linatuambia ni habari za nani. Hata hivyo, kisa hakikuwa mali ya watawala peke yao. Kiliwapa raia kipimo pia: aliyepewa nchi kwa sababu alilisha na kulinda, anaweza kuulizwa anapoacha kulisha na kulinda. Washambaa wana maneno mawili ya kipimo hicho: *kuzifya shi*, kuiponya nchi, na *kubana shi*, kuiharibu. Kimweri ye Nyumbai alipofariki mwaka 1862, warithi wake walipigana na watu wakauzwa utumwani. Wabondei waliinuka wakawafukuza Wakilindi, katika uasi unaojulikana kama Kiva.

Serikali ya kikoloni ya Waingereza nayo ilikuwa na hadithi yake, iliyoanzia Mlalo mwaka 1946. Mhusika mkuu: mtaalamu. Tatizo: mkulima asiyejua kutunza udongo. Mwisho: matuta kwa amri. Wakulima waliukataa mwisho huo, na mpango ukaachwa kabla ya Uhuru.

Tangu mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili umejengwa juu ya kusoma, kuandika na kuhesabu, na sasa shule zetu zina somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Ni nafasi njema, lakini ina hatari. Mtoto aliyezoea kujaza safu nne bila kuuliza atajaza vivyo hivyo historia ya taifa lake: shujaa mmoja, adui mmoja, mwisho mmoja. Kesho atakuwa mtumishi wa umma anayepokea maelezo ya mradi wa kijiji bila kuuliza wanakijiji walikuwa na mpango gani.

Sisemi wahusika na mandhari visifundishwe. Vifundishwe, lakini kwa maswali ambayo mtoto wa miaka minane anayaweza: Nani alitaka nini? Nani alimzuia? Baada ya hapo nani alipata, na nani alikosa? Kisha aende nyumbani amwombe bibi yake amsimulie kisa hicho hicho kwa Kishambaa, arudi darasani na tofauti alizozisikia. Mwalimu hahitaji fedha ya mradi kwa hilo. Anahitaji ruhusa ya kutoogopa majibu mawili.

Ubaoni ningeongeza safu ya tano: nani hajasema? Na jina la kwanza ningeliandika mimi mwenyewe: watu wa Vuga.