Kuunga: kutoka chunguni hadi kwenye grafini

Mpishi wa Pwani huunga mchicha kwa tui la nazi; seremala huunga mbao. Maana zote mbili zinaifaa grafini, utando wa kaboni wenye unene wa atomu moja, uliotengwa mwaka 2004 na Andre Geim na Konstantin Novoselov huko Manchester, Uingereza.

Wanakemia hubadili tabia yake kwa kutia elementi nyingine kidogo. Nitrojeni ina elektroni 5 za nje, kaboni 4, hivyo huongeza elektroni; boroni, yenye 3, huacha pengo.

Kukiita kitendo hicho “kughushi” kunanuka udanganyifu, na “kuchanganya” hakuonyeshi kwamba atomu ngeni imeshikana na jirani zake. “Grafini iliyoungwa nitrojeni” inasema yote mawili: kiungo kimetiwa, tena kimeshika.