Magendo na Mafuta Mingi: Nani Alikuwa Mhalifu Mpakani?

Katika picha za kauboi, mtazamaji hapati shida kumtambua mhalifu. Walowezi wanajenga kijiji, majambazi wanakuja kupora, na askari mmoja jasiri anasimama katikati. Mpaka wetu wa Busia na Malaba nao umepata wahamiaji na wahalifu wake, ila si rahisi kuwatenganisha. Sisi walimu wa Kiswahili tunao ushahidi mmoja wa jambo hili, nao ni maneno.

Mpaka wenyewe si wa kale. Mwaka 1902 Waingereza walilitoa Jimbo la Mashariki la Uganda na kulitia katika himaya ambayo baadaye ilikuwa Kenya. Mito ya Sio na Malaba, ambayo watu waliteka maji kutoka kingo zote mbili, hatimaye ikawa mstari wa kutenga nchi. Wasamia na Wateso wakajikuta huku na huko. Mtu aliyempelekea shemeji yake gunia la nafaka sasa aliweza kuitwa mvunja sheria.

Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia. Maduka yao yakagawiwa wanajeshi na watu waliokuwa karibu na utawala. Wananchi waliwaita matajiri hao wapya "mafuta mingi". Mwalimu atasema ni "mafuta mengi", na sarufi iko upande wake. Hata hivyo, lililobaki katika historia ni lile la wananchi.

Mwaka 1975 baridi kali iliharibu mibuni ya Brazili, na bei ya kahawa duniani ikapanda mno. Mkulima wa Uganda alitakiwa kuiuzia bodi ya serikali kwa bei ya chini, huku sabuni, chumvi na sukari zikiadimika madukani. Kahawa ikavushwa usiku kwenda Kenya, na soko la Chepkube, Bungoma, likapata umaarufu. Mwaka huohuo Amin aliunda mahakama ya kijeshi ya makosa ya uchumi, iliyoweza kutoa hukumu ya kifo. Wakati huohuo, baadhi ya wanajeshi wenyewe walikuwa wakubwa wa magendo.

Hapo ndipo picha ya kauboi inapogeuka. Aliyekuwa na hati mkononi alikalia duka la mwenzake. Aliyewindwa na bunduki alibeba kahawa aliyoilima mwenyewe. Magendo hayakuwa mema yote, kwani yaliwatajirisha pia walanguzi. Lakini neno hilo, ambalo kamusi hulifafanua kuwa biashara haramu, nchini Uganda lilikuwa jina la maisha ya kila siku.

Mpaka huohuo ulitupa neno "bodaboda", kutokana na baiskeli zilizobeba watu na mizigo kati ya vituo viwili vya mpakani. Mwaka 2018 kituo cha pamoja kilizinduliwa Busia, na msafiri sasa hukaguliwa mara moja tu.

Ndugu mwalimu, utakapofundisha msamiati huu, usiishie kwenye maana ya kamusi. Waulize wanafunzi wako: neno hili lilitamkwa na nani, na nani aliliogopa?