Wameru na Barua Yao ya Mwaka 1951

Ndugu Mhariri aliponiomba makala ya historia kwa ajili ya gazeti hili, aliniwekea sharti moja: isiwe historia ya shule. Hiyo, alisema, wamekwisha kuiandika watu watatu, na kila mmoja ana mwaka wake wa kujengwa bwalo. Basi nimechagua jambo ambalo sisi wa kidato changu tulifundishwa kwa aya moja tu katika Kidato cha Tatu. Tulilinakili kutoka ubaoni, tukalijibu katika mtihani, tukalisahau. Ni shauri la ardhi ya Wameru.

Nimelirudia kwa sababu ya kazi yangu. Mimi ni mtumishi wa Serikali, na kwa zaidi ya miaka kumi na mitano sehemu kubwa ya kazi hiyo imekuwa kusoma barua za wananchi. Nyingine zimepigwa chapa vizuri, nyingine zimeandikwa kwa kalamu ya risasi kwenye karatasi ya daftari, zina alama za dole gumba mstari baada ya mstari. Mtu akizisoma barua za namna hiyo kwa muda mrefu huanza kutaka kujua zile za zamani ziliandikwaje, na zilipokewaje na waliokuwa upande wangu wa meza.

Anayesafiri kutoka Arusha kwenda Moshi huuona Mlima Meru upande wake wa kushoto. Nyuma ya mlima huo, kaskazini-mashariki, ndiko iliko Ngarenanyuki, ambayo katika maandishi ya Waingereza iliitwa Engare Nanyuki. Tangu enzi za Mjerumani Wameru walikuwa wamebanwa. Juu yao msitu wa Serikali, chini yao mashamba ya walowezi yaliyouzunguka mlima kama pete. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Mwingereza aliyakuta mashamba hayo, na badala ya kuyarudisha yote kwa wenyewe, mengi aliyauza kwa walowezi wengine. Kwa hiyo malisho na mashamba ya upande wa Ngarenanyuki yalikuwa kwa Wameru kama dirisha katika nyumba isiyo na mlango wa pili.

Mwaka 1946 Serikali iliunda tume chini ya Jaji Mark Wilson kuchunguza ardhi ya Arusha na Moshi. Taarifa yake ilitolewa mwaka 1947. Hapa naomba msomaji anivumilie kidogo, maana hapa ndipo penye fundisho kwa sisi wa maofisini. Tume ile ilikusudiwa kutafuta nafuu kwa Waafrika waliosongamana milimani. Lakini ndani ya mapendekezo yake kulikuwa na mpango wa kupanga upya ramani nzima, na kulipata eneo moja lisilokatika la walowezi wa Kizungu kati ya Meru na Kilimanjaro, kwa ajili ya ufugaji wa ng'ombe. Ili eneo hilo likamilike, Wameru wa Ngarenanyuki walitakiwa wahame. Kwenye majalada, mahali walipozikwa wazee wao palikuwa na namba tu: shamba namba 31 na shamba namba 328. Walipewa eneo la Kingori badala yake, pamoja na ahadi ya fidia na maji. Waliikataa fidia, na Kingori wakasema wanaijua: ni nchi ya joto, na mifugo yao haitastawi huko.

Siamini kwamba kila ofisa aliyeweka sahihi kwenye mpango ule alikuwa mtu katili. Nadhani wengi waliona ramani iliyonyooka vizuri, na ramani ikinyooka ofisa hulala usingizi. Aliyeko Ngarenanyuki ndiye aliyejua kwamba rangi ile iliyopakwa ilikuwa juu ya paa lake.

Wameru walianza pale mtu yeyote angeanza: kwa Bwana DC, kisha kwa wakubwa wake, hadi kwa Gavana, ambaye wakati huo alikuwa Edward Twining. Walipoona milango yote inarudisha jibu lile lile, wakatazama mlango mwingine. Tanganyika haikuwa koloni la kawaida. Ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, na Ibara ya 87 ya Mkataba wa Umoja huo iliruhusu malalamiko ya watu wa nchi kama hizo kupokewa na kuchunguzwa. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulipopita nchini mwaka 1951, Wameru waliuandikia na kuueleza shauri lao.

Haukusaidia kwa wakati. Mwezi Novemba mwaka huo huo Serikali ilipeleka askari. Watu wapatao 3,000 walitolewa, nyumba zikabomolewa na kuchomwa moto, na mifugo ikaswagwa. Wengi hawakwenda Kingori walikopangiwa, wakaenda kujibana kwa ndugu zao mlimani, kule kule ambako tume ilisema watu wamezidi.

Baada ya hapo ndipo barua ilipokuwa kazi ya watu wote. Umoja wao wa raia ulikusanya michango, na watu waliokuwa wametoka tu kupoteza nyumba wakatoa fedha za nauli ya mtu wa kwenda New York. Mtu huyo alikuwa Kirilo Japhet. Wakili wao alikuwa Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi, ambaye baadaye alikuwa Jaji katika Mahakama Kuu yetu. Mwaka 1952 Kirilo alizungumza mbele ya Baraza la Udhamini, na hutajwa kuwa Mtanganyika wa kwanza kufanya hivyo katika Umoja wa Mataifa.

Nguvu ya hoja yao ilikuwa katika Ibara ya 8 ya Mapatano ya Udhamini. Ibara hiyo iliitaka Serikali, inapotunga sheria za ardhi, ifikirie mila za wenyeji na kuheshimu haki zao, na ilikataza ardhi ya mwenyeji kuhamishiwa kwa asiye mwenyeji ila kwa idhini ya mamlaka husika. Someni tena maneno ya mwisho. Mamlaka husika ilikuwa nani? Serikali ile ile iliyokuwa ikilalamikiwa. Nimekutana na mlango wa namna hiyo katika nyaraka nyingi za siku hizi pia, na kila mara namkumbuka Seaton, ambaye alilazimika kubishana kwamba idhini haiwezi kuifuta haki ambayo ibara yenyewe imetangulia kuitaja.

Waingereza walijibu kwamba mpango ule ulikuwa kwa faida ya nchi nzima, na kwamba eneo jipya lilitosha. Baraza la Udhamini likaonyesha masikitiko, lakini halikuamuru ardhi irudishwe. Shauri likapelekwa Baraza Kuu. Katika Kamati ya Nne, ambamo kila nchi ilikuwa na kura na wingi wa kawaida ulitosha, Wameru waliungwa mkono. Lakini katika kikao kamili cha Desemba 1952 mambo ya udhamini yalihitaji theluthi mbili ya kura, na theluthi mbili haikupatikana. Kirilo akarudi bila shamba namba 31 wala namba 328.

Kitabu chetu cha Kidato cha Tatu kiliishia hapo, kwa maneno "walishindwa". Mimi nadhani kitabu kilifunga ukurasa mapema. Kirilo aliporudi mwaka 1953 alizunguka sehemu za nchi akiwaeleza watu alichokiona: kwamba Serikali ya Mwingereza iliitwa, ikaulizwa, ikalazimika kujibu mbele ya mataifa, na aliyeiuliza alikuwa Mmeru wa Ngarenanyuki. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Mwezi Machi 1955 Mwalimu Nyerere alisimama mbele ya Baraza lile lile la Udhamini, naye kwa nauli iliyotokana na michango ya wananchi. Njia ilikuwa imekwisha kufyekwa. Na Ngarenanyuki yenyewe leo ni kata katika Halmashauri ya Wilaya ya Meru. Wameru wanalima humo nyanya na vitunguu kwa maji ya mifereji.

Nawakumbusha wenzangu wa kidato changu barua yetu ya mwaka 1995 kuhusu maji ya bwenini. Tuliiandika usiku kwa mwandiko wa kubadilisha, tukaitia sahihi "Sisi Wanafunzi", tukaipenyeza chini ya mlango. Asubuhi Mkuu wa Shule aliisoma mstarini yote, kisha akasema atafurahi kumjibu mwandishi akijitokeza. Hakujitokeza mtu, na ndoo tuliendelea kubeba hadi likizo. Wakati ule nilidhani tulikuwa werevu. Barua ya Wameru ilikuwa na majina, na waliotajwa humo walikuwa na ng'ombe wa kukamatwa na nyumba za kuchomwa, siyo viboko viwili na kufyeka uwanja.

Lakini nisiwaseme vijana tu. Baada ya Uhuru nchi yetu iliweka mahali maalumu pa kupeleka malalamiko dhidi ya wakubwa: Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, iliyoanza mwaka 1966, ambayo nafasi yake ilichukuliwa na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora mwaka 2001. Bado barua nyingi huanzia na kuishia kwa watu kama mimi. Miaka kadhaa iliyopita, katika ofisi ambayo sitaitaja, nilipokea barua ya wanakijiji kuhusu mpaka wa malisho. Ilikuwa na majina arobaini na moja. Niliandika pembeni "Kwa hatua zako", nikaipeleka kwa mwenzangu, naye akaandika maneno yale yale akaipeleka mbele. Baada ya miezi minane ilirudi mezani kwangu ikiwa na mihuri mitano na haina hata jibu moja. Yule mzee aliyeileta alikuwa amekwisha kufariki. Mwanawe alikuja kuuliza, nikamwambia suala linashughulikiwa. Aliniangalia tu, akashukuru, akaondoka. Wiki ile nilikwenda mwenyewe kijijini, na mpaka ukapimwa, lakini mwaka mzima nyuma ya wakati wake.

Kwa wanafunzi wa sasa wanaotaka kulisoma shauri hili kwa urefu, Kirilo Japhet na Earle Seaton waliandika kitabu pamoja, kikachapishwa Nairobi mwaka 1967. Nakala moja ilikuwa katika maktaba yetu, rafu ya chini karibu na dirisha, imetoka jalada. Nilipopita mwezi uliopita haikuwapo. Katika daftari la kuazima, jina la mwisho ni la mtu wa kidato changu, ambaye najua atahudhuria mkutano huu. Ndugu, njoo nacho.