Bambo, chekeche na "uhakiki rasmi"

Msimu wa mavuno Sumbawanga, mnunuzi wa mahindi hana haja ya kufungua gunia. Anachoma bambo ubavuni, punje zinamwagika kiganjani, anazitazama, anaing'ata moja. Zikiwa kavu na safi, gunia linapita. Lakini mkulima wa Ufipa anajua kuwa bambo husema kweli ya pale lilipochoma tu.

Programu za kompyuta nazo hupimwa kwa bambo. Fundi anaingiza namba kadhaa, majibu yakiwa sahihi kazi inaenda sokoni. Ila programu ya kujumlisha namba mbili za biti 32 ina jozi nyingi mno: hata ukijaribu bilioni moja kila sekunde, utahitaji zaidi ya miaka 580 kuzimaliza. Mdukuzi hazihitaji zote. Anatafuta ile moja ambayo bambo halikuifikia.

Njia nyingine ni kuuliza gunia lilijazwaje. Kama kila punje ilipita kwenye chekeche, na chekeche halipitishi kokoto kubwa, basi kokoto hizo hazimo, bila kuchoma popote. Ndivyo wanavyofanya wanahisabati wa programu. Wanaandika sharti, tuseme pesa zikitumwa kwa simu, jumla ya salio la mtumaji na la mpokeaji isibadilike. Kisha wanaonyesha kuwa hakuna hatua inayoweza kulivunja. Mwaka 2009 watafiti wa Australia walifanya hivyo kwa seL4, kiini cha mfumo endeshi chenye mistari ipatayo 8,700 ya lugha ya C.

Tuiiteje kazi hii? "Uhakiki rasmi", tafsiri ya moja kwa moja ya istilahi ya Kiingereza, huja mdomoni haraka, lakini kwa Mtanzania uhakiki ni wa vyeti, na rasmi ni mhuri. Msikilizaji atadhani programu imepitishwa na ofisi fulani. Kumbe urasmi wenyewe ni wa umbo la hoja: kila hatua hufuata kanuni iliyo wazi kiasi kwamba hata kompyuta inaweza kuikagua. Napendekeza "uthibitisho wa kihisabati", na kazi ya bambo ibaki kuwa "majaribio".

Hata hivyo, chekeche halizibi gunia lililotoboka. Mwaka 2018 dosari iitwayo Spectre ilionyesha siri zikivuja kupitia prosesa yenyewe, chini kabisa ya programu. Kwa hiyo ukiambiwa programu imethibitishwa, uliza imethibitishwa kwa sharti gani, na gunia lenyewe limekaguliwa na nani.