Karakana ya Level Cross na Urithi wa Akina Petty

Mtu aliyezoea mashindano ya Safari, ambamo magari hukata mamia ya maili ya vumbi na matope huku watoto wa vijijini wakishangilia kando ya njia, huenda asiyaheshimu mashindano ya Kusini mwa Marekani siku ya kwanza ayaonapo. Magari yapatayo arobaini hufukuzana katika uwanja wa mviringo, yakikata kona za kushoto tu, kwa muda wa saa tatu au nne. Lakini ndani ya duara hilo imo historia ya baba na mwana ambayo nimeona yafaa isimuliwe katika gazeti letu hili, kwa kuwa wengi wetu tuliopita shule hii tumekabidhiwa kitu na waliotutangulia, iwe duka, shamba au meza ya ofisi, na si wote tuliojua la kukifanyia.

Chama kinachosimamia mashindano hayo, NASCAR, kiliundwa mwaka 1948. Mwaka uliofuata kilianzisha mashindano ya magari ya kawaida, yale yale yaliyokuwa yakiuzwa kwa watu. Katika shindano la kwanza, mjini Charlotte mwezi Juni 1949, alikuwemo Lee Petty, mtu wa kijiji cha Level Cross, jimbo la North Carolina, mwenye umri wa miaka 35. Gari lake, Buick kubwa, lilikuwa la kuazima. Lilipinduka, na familia iliyokuja nalo ikabidi iombe lifti kurudi nyumbani. Mwanawe Richard, ambaye hakuwa hata ametimiza miaka 12, aliyaona yote hayo.

Lee alijifunza somo lake upesi. Aliacha magari makubwa akachukua Plymouth jepesi, lisilokula tairi wala petroli nyingi, akaligeuza banda la zana za shamba, lenye sakafu ya udongo, kuwa karakana. Kwake mbio zilikuwa kazi ya kulisha nyumba. Gari lililovunjika lilikuwa hasara tupu. Kwa hesabu hizo za kibahili alipata ubingwa wa mwaka mara tatu, 1954, 1958 na 1959. Mwezi Februari 1959 alishinda pia shindano la kwanza la maili 500 katika uwanja mpya wa Daytona, ingawa waamuzi walimtangaza kwanza mwenzake, Johnny Beauchamp, na ilichukua siku tatu za kuchunguza picha kabla haki yake haijatoka.

Richard alipofika miaka 18 aliomba gari. Baba alimjibu asubiri hadi atimize 21. Basi akabaki karakanani na mdogo wake Maurice, ambaye baadaye akawa fundi wa injini, na binamu yao Dale Inman, aliyekuja kuwa fundi mkuu wa timu. Alisoma pia chuo cha biashara, na humo, pamoja na hesabu za vitabu, alijifunza kuandika kwa mwandiko mzuri. (Wanafunzi wa sasa msicheke. Sahihi yake ndefu ya mikunjo imo katika maelfu kwa maelfu ya vitabu na kofia za mashabiki, kwa sababu hakuwa mtu wa kuondoka uwanjani kabla wote waliomngoja hawajaipata.)

Alianza kushindana mwezi Julai 1958. Mwaka uliofuata, katika uwanja wa Lakewood mjini Atlanta, bendera ya mwisho ilipepea mbele yake. Alikuwa ameshinda kwa mara ya kwanza maishani. Lakini palikuwa na mtu aliyeweka pingamizi kwamba mizunguko imehesabiwa vibaya, na waamuzi walipohesabu upya wakamkuta ana haki, wakamtwalia kijana ushindi. Mtu huyo alikuwa Lee Petty, na ushindi akapewa yeye.

Wapo wanaolisimulia jambo hili kama kichekesho cha mzee mwenye choyo. Mimi silioni hivyo. Fedha zote zilikuwa za nyumba moja, kwa hiyo Lee angeweza kunyamaza bila kupoteza kitu kikubwa. Alichokataa ni mwanawe kuanza safari kwa ushindi usio wake.

Urithi wenyewe ulikuja ghafula. Mwezi Februari 1961, katika mbio za mchujo pale Daytona, Richard alirushwa na gari lake nje ya uwanja, akanusurika kwa majeraha madogo. Siku hiyo hiyo, katika mchujo wa pili, Lee na Beauchamp waligongana wakaruka ukuta wote wawili. Lee alilazwa hospitali kwa miezi kama minne. Alijaribu kurudi mara chache, lakini hakushinda tena. Kijana wa miaka 23 akajikuta ndiye tegemeo la timu nzima.

Ubingwa wa kwanza aliupata mwaka 1964, mwaka ambao Plymouth lake lenye injini mpya ya Chrysler liliongoza mizunguko 184 kati ya 200 pale Daytona. Mwaka 1967 alishinda mashindano 27 kati ya 48, na kumi kati ya hayo yalifuatana. Watu wakamwita Mfalme. Hadi mwaka 1979 alikuwa ametwaa ubingwa mara saba, na hadi 1981 alikuwa ameshinda Daytona mara saba pia. Gari lake namba 43 lilikuwa na rangi ya samawati ya nyumbani kwao. Mwaka 1972 kampuni ya STP ilipotaka kulipia timu kwa sharti kwamba gari liwe jekundu, Richard alikataa katakata, hata wakakubaliana rangi zote mbili zipakwe.

Gharama ya miaka hiyo haikuwa ya fedha tu. Mwaka 1965, kampuni ya Chrysler ilipojitoa kwa sababu injini yake ilipigwa marufuku, Richard alikwenda kwenye mbio za mstari mnyoofu. Huko Georgia gari lake likamshinda, likawavamia watazamaji na kumwua mtoto wa miaka minane. Mwaka 1975 shemeji yake, kijana wa timu, alikufa pale Talladega baada ya tangi la maji kulipuka. Mwishoni mwa 1978 yeye mwenyewe alikatwa sehemu kubwa ya tumbo kwa sababu ya vidonda, na kabla miezi mitatu haijapita, bila kuwasikiliza madaktari, alikuwa ameshinda Daytona.

Ndipo ukaja Oktoba 1983. Alishinda Charlotte, lakini wakaguzi walipoipima injini, kazi ya karakana ya Level Cross, wakaikuta na inchi za ujazo karibu 382, wakati kanuni iliruhusu 358. Tairi nazo zilikuwa zimefungwa kinyume cha kanuni. Timu ilitozwa faini ya dola 35,000 na Richard akanyang'anywa pointi 104, ingawa ushindi, wa 198 kwake, aliachiwa. Mtoto wa mtu aliyeweka pingamizi Lakewood alibaki na ushindi ambao, nionavyo mimi, baba yake asingekubali kuubeba.

Msimu ulipokwisha, Richard aliiacha timu ya baba yake mikononi mwa mwanawe Kyle, akaenda kuendesha gari la Mike Curb. Hapo ndipo alipopata ushindi wa 199, na tarehe 4 Julai 1984, pale Daytona, mbele ya Rais Reagan, ushindi wa 200, ambao ulikuwa wa mwisho. Kyle alihamia timu nyingine mwaka 1985, na karakana ya Level Cross ikakaa msimu mzima bila kupeleka gari uwanjani. Baba alirudi kuifungua mwaka 1986, na akaendelea kuendesha, bila kushinda, hadi alipostaafu Novemba 1992.

Tumaini lilikuwa Adam, mtoto wa Kyle, kizazi cha nne. Tarehe 2 Aprili 2000 alishiriki kwa mara ya kwanza daraja la juu, na siku tatu baadaye babu yake mkubwa Lee akafariki. Tarehe 12 Mei Adam naye akafa mazoezini huko New Hampshire. Alikuwa na miaka 19. Kyle alilichukua gari la mwanawe, namba 45, akaliendesha kwa miaka kadhaa. Mwezi Januari 2009 timu, iliyokuwa na ushindi 268, iliunganishwa na nyingine, na mwaka huo hapakuwa tena na gari la mashindano lililotoka Level Cross.

Gari la ushindi wa 200 limehifadhiwa katika makumbusho ya taifa ya Smithsonian, mjini Washington. Lina namba 43, nyekundu na samawati. Ni Pontiac la timu ya Curb.