Mgunda Mkali: kambi za wapagazi na pensheni ya Bombay

Katikati ya miaka ya 1870, Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London ilimtengea pensheni mzee mmoja wa Zanzibar, Sidi Mubarak Bombay. Alikuwa Myao, akauzwa utumwani angali mtoto na kupelekwa India. Bwana wake alipofariki akapata uhuru, akarudi Afrika Mashariki. Kuanzia mwaka 1857 hadi 1875 riziki yake ilikuwa njia ya bara. Alikwenda na wapelelezi wa Kizungu Burton na Speke, akaenda tena na Speke na Grant mwaka 1860, na Stanley mwaka 1871, kisha na Cameron mwaka 1873 hadi pwani ya Atlantiki. Safari zote nne, akitoka pwani kuelekea Unyanyembe, eneo la Tabora ya leo, alilikatisha pori moja ambalo sehemu yake kubwa leo iko wilayani Manyoni, mkoani Singida. Watu wa misafara waliliita Mgunda Mkali.

Namtanguliza Bombay kwa sababu siku hizi yanasemwa mengi kuhusu wastaafu wa Ulaya na Marekani wanaouza nyumba, wakanunua gari lenye kitanda na jiko, wakaishi barabarani. Marekani kuna maeneo makubwa ya ardhi ya umma ambako mtu huruhusiwa kupiga hema bila malipo, kwa kawaida hadi siku 14 mahali pamoja, kisha asogee mbele. Kwetu Tanzania mtumishi hustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55 na kwa lazima akifika 60, na kinachotarajiwa ni arudi nyumbani, amalizie nyumba, afuge kuku. Kwa hiyo maisha ya kulala porini na kupikia kuni kando ya njia huonekana kuwa mambo ya wageni. Historia ya Singida inakataa. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19, hapa palipita makumi ya maelfu ya watu ambao kulala njiani ndiko kulikokuwa kazi yao, na walikuwa na utaratibu wake uliokamilika.

Pori lenyewe lilianza pale Ugogo ilipoishia, ng'ambo ya Mdaburu, likaendelea hadi Tura, mlango wa Unyamwezi, ambayo leo ni mkoa wa Tabora. Anayesafiri kwa treni kutoka Manyoni kwenda Itigi huliona bado: vichaka vilivyoshikana kiasi kwamba ng'ombe akiingia humwoni tena, miti mifupi isiyo na majani kiangazi, na udongo unaokunywa mvua mara moja usiache kitu juu. Wataalamu wa mimea wanavijua vichaka vya Itigi kama uoto wa pekee, usio na mfano isipokuwa kaskazini mwa Zambia. Kwa mpagazi maana yake ilikuwa nyepesi kuelewa: hakuna maji, hakuna kijiji, hakuna mtu wa kukuuzia unga.

Mzigo wa kawaida ulikuwa frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, na wenye pembe za ndovu walibeba zaidi. Juu ya mzigo huo mpagazi aliongeza vyake: mkeka, kibuyu cha maji, silaha, na kwa zamu chungu cha kupikia. Wengi walikuwa Wanyamwezi waliotoka kwao baada ya mavuno, kiangazi kilipokauka njia, wakijitahidi kurudi kabla ya mvua za kulima. Wake zao pia walikuwamo. Mwanahistoria Stephen Rockel, aliyeandika kitabu kizima juu ya wapagazi hawa, ameonyesha kuwa wanawake walibeba mizigo, walipika, na walifanya msafara uwe kama kijiji kinachotembea.

Siku ya kawaida ilianza alfajiri na kuishia kabla jua halijawa kali. Mizigo ilirundikwa pamoja, watu wakatawanyika na mashoka. Baada ya muda mfupi miti ilikuwa imekatwa, matawi yamekunjwa na kuezekwa nyasi, vibanda vimepangwa duara, na nje yake boma la miiba kwa ajili ya fisi, simba na wezi. Kambi iliyoachwa na msafara mmoja ilitumiwa na uliofuata, mradi haijaungua. Hapo ndipo elimu ya wapagazi ilipoonekana: kiongozi alijua upepo unatoka wapi, kuni ziko upande gani, na kisima cha mwisho kimeachwa umbali gani.

Watu hawakula kwa pamoja wote. Waligawanyika katika makundi madogo ya watu wanaoaminiana, kila kundi na chungu chake. Mafiga yalikuwa mawe matatu, na pasipokuwa na mawe walitumia madongoa ya kichuguu. Posho ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa mtu kwa siku, takriban robo tatu ya kilo, na walipofika Ugogo nafaka hiyo ilikuwa zaidi uwele na mtama. Ugali wa uwele ni mweusi, mzito, na ukipoa unakaa vizuri kwenye kitambaa hadi kesho yake. Mboga ilikuwa majani ya porini, maharage yalipopatikana, na nyama siku mwindaji alipofanikiwa. Nyama ambayo haikuliwa ilikatwa vipande virefu, ikawekwa kwenye uchaga juu ya moto mdogo wa moshi usiku kucha, asubuhi ikawa nyepesi ya kubeba. Yeyote aliyekula mlenda kwa ugali wa uwele katika vijiji vya Manyoni anajua kwamba mlo huo haujaondoka.

Mgunda Mkali ulidai kitu kingine, kilichoitwa tirikeza. Msafara ulipikia penye maji asubuhi na watu wakashiba. Kila kibuyu kilijazwa hadi shingoni. Baadaye, jua likiwa bado utosini, wakaondoka, wakatembea hadi giza, wakalala pakavu bila kupika. Kabla ya mapambazuko wakaondoka tena, ili wafike kisima cha pili kabla kiu haijawaangusha. Kwa hesabu hiyo siku mbili za njia zilipitwa kwa kukosa maji usiku mmoja tu. Mimi naiona kuwa ni moja ya mbinu bora za safari zilizowahi kubuniwa katika nchi hii, na walioibuni hawakuachiwa hata jina.

Aliyekosea hesabu alilipa. Mwishoni mwa 1860 Speke na Grant walikwama humo humo, mvua zikiwanyeshea, chakula kimekwisha, wapagazi wengi wametoroka. Waliishi kwa nyama ya porini na majani huku watu wakitumwa mbali kutafuta nafaka.

Wala mtu asidhani kwamba kulala huko kulikuwa bure. Kabla ya kuingia porini msafara ulivuka Ugogo, na watemi wa Kigogo walitoza hongo, yaani ushuru wa kupita: vitambaa vya merikani na kaniki, ushanga, wakati mwingine majembe. Wazungu walijaza kurasa kwa kulalamikia hongo. Lakini nchi ile ni kame, kisima kimechimbwa na kuzibuliwa kwa mikono ya watu, na msafara wa watu mia tano ukiteremkia hapo unaweza kukikausha kwa siku moja. Mtemi alikuwa na haki ya kuuliza wageni wake wameacha nini. Majadiliano yalichukua siku kadhaa, na siku hizo zote posho iliendelea kuliwa.

Na wapo waliolala katika kambi hizo bila hiari yao. Njia iliyopitisha pembe ndiyo iliyopitisha mateka, shingo zao kwenye kongwa, wakielekezwa Bagamoyo na masoko ya ng'ambo. Moto ule ule uliompikia mpagazi wa ujira uliwaangaza na wao. Yeyote anayeisimulia njia hii kwa raha anapaswa kuwasimulia na hao.

Kitu ninachokipenda zaidi katika historia ya pori hili ni kwamba halikubaki vile lilivyokuwa. Burton alipopita Oktoba 1857 lilikuwa karibu tupu, ingawa Wakimbu walikuwa wameanza kukaa sehemu kama Jiwe la Mkoa, penye mwamba mkubwa. Waliona wasafiri wenye njaa wakipita kila mwaka, wakafyeka vichaka, wakachimba visima, wakalima na kuuza nafaka. Stanley mwaka 1871 alikuta vijiji kama Kiti na Msalalo, akashangaa kwamba sifa mbaya ya Mgunda Mkali imezidi hali yenyewe. Cameron, miaka miwili baadaye, alikuta Jiwe la Singa pamechangamka, mashamba yakiwa mahali pa msitu. Kazi hiyo ya miaka 16 ilifanywa na wakulima waliotengeneza vituo vya njiani bila serikali wala kampuni.

Haikudumu kwa amani. Katika miaka ya 1870 Nyungu ya Mawe, mtu wa ukoo wa watawala wa Unyanyembe, alijijengea dola Ukimbu kwa nguvu za rugaruga, askari wake, na misafara ikalazimika kumhesabu yeye kwanza. Alifariki mwaka 1884. Muda mfupi baadaye wakaja Wajerumani, wakajenga boma lao Kilimatinde, ukingoni mwa Bonde la Ufa, mahali ambapo mtu akisimama anaiona Ugogo yote chini yake.

Kilichomaliza kambi za wapagazi ni reli. Ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Pori lililotaka vibuyu na tirikeza likawa jambo la usiku mmoja kwenye behewa. Shughuli zikahama kutoka Kilimatinde juu mlimani kwenda Manyoni penye stesheni, na Itigi ikakua kwa sababu hiyo hiyo. Sasa reli ya kisasa nayo imefika Makutupora, upande huu wa Singida, na kipande cha kilomita 368 kwenda Tabora kinapita karibu na nyayo zile zile.

Hata hivyo kupika njiani hakujafa Singida. Kumehamia kwenye lami. Malori ya Rwanda, Burundi na Kongo yanapanda kutoka Dodoma kupitia Manyoni na Singida mjini, yanateremka mlima Sekenke kwenda Nzega. Pale Muhalala, wilayani Manyoni, yanasimama kwenye mizani na ukaguzi. Jioni utamwona utingo amechuchumaa kivulini mwa tela, jiko dogo limetolewa kwenye sanduku la zana, sufuria ya ugali imekazwa na jiwe isiyumbe, kitunguu cha Singida kinakatwa juu ya kifuniko cha ndoo. Madereva hula kwa makundi, sahani moja, watu wanaofahamiana kwa miaka. Mpagazi wa 1860 angejua pa kukaa.

Wageni wenye magari ya kulalia nao walipita sana hapa, maana kabla ya barabara ya Dodoma, Kondoa hadi Babati kukamilika kwa lami mwaka 2018, waliotoka Arusha walizunguka kupitia Singida. Baadhi walilala kando ya ziwa Singidani, kati ya yale majabali. Kwa mstaafu wa Kitanzania anayetaka kufanya hivyo, mkoa una nafasi: majabali ya maziwa mjini, asali ya Itigi ya kununua njiani, na mapori ya akiba ya Rungwa, Kizigo na Muhesi, ambako lazima upate kibali kabla ya kupiga hema. Kwenye ardhi ya kijiji, ofisi ya mtendaji ndiyo ya kwanza kubisha hodi. Kibali hicho hakinisumbui, nikikumbuka hongo ililipiwa nini.

Bombay alifariki mwaka 1885, akiwa na umri wa miaka kama 65, akila pensheni yake. Tippu Tip, mfanyabiashara mkubwa wa pembe na watumwa aliyepita njia hiyo hiyo, alistaafu Zanzibar akiwa na mali, akaandika maisha yake kwa Kiswahili, akafariki 1905. Wapagazi wa kawaida walizeekea vijijini kwao Unyamwezi bila senti ya mtu, na wachache sana walipata mtu wa kuandika walichosema. Kwa bahati, mwanzoni mwa karne ya 20 Mjerumani Carl Velten alichapisha maandishi ya Waswahili wenyewe juu ya safari na desturi zao, yakiwamo ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, na humo taratibu za msafara zimehifadhiwa kwa lugha yetu.

Mwaka 2006 Tanzania iliiingiza njia kuu ya watumwa na pembe katika orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO. Vituo vilivyotajwa ni Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Singida ina kimoja, na ni mahali palipojengwa boma la mkoloni. Mdaburu haimo, Jiwe la Mkoa haimo, wala Jiwe la Singa, wala kisima hata kimoja kilichochimbwa na Wakimbu. Halmashauri za Manyoni na Itigi zinaweza kuanza bila kusubiri UNESCO: kuwauliza wazee wa Kikimbu na wa Kigogo visima vya zamani viko wapi, kuviwekea alama, na kuchora njia kutoka Mdaburu hadi mpaka wa Tabora kwenye ramani ambayo mtu wa kawaida anaweza kuifuata kwa miguu au kwa gari, akiwa na hema lake na chungu chake.