Waliozuiwa Mezani: Kanisa la Bonde la Ufa na Wapenzi wa Jinsia Moja

Muumini aliyelelewa katika makanisa ya Nakuru, Njoro, Molo au Naivasha hahitaji kuelezwa maana ya kutengwa. Mkate na kikombe vinapita, nawe unabaki umekunja mikono. Kwa zaidi ya karne moja waliokunja mikono hivyo wamekuwa wengi: mwenye wake wawili, binti aliyepata mimba akiwa kwao, mzee aliyepatikana na pombe, mzazi aliyemtoa mwanawe kwa desturi ya kale. Leo anayetajwa mimbarini kuliko hao wote ni mpenzi wa jinsia moja, na anatajwa kana kwamba kesi yake ilikatwa zamani na haina rufaa. Naamini rufaa ipo, na ushahidi wake umo katika historia ya kanisa lenyewe hapa Bondeni. Orodha ya waliozuiwa mezani iliandikwa na watu, katika miaka inayojulikana, na watu wa kanisa hilohilo wamewahi kuifungua na kufuta majina walipoona linaloitwa nidhamu linawaumiza waliotakiwa kulindwa.

Misheni ya Africa Inland ilifika nchini mwaka 1895, na mwaka 1903 ikaweka makao yake Kijabe, ukingoni mwa Bonde. Kutokana na kazi yake huko na katika vituo kama Eldama Ravine, Kapsabet na Litein ndipo lilipokua kanisa la AIC, ambalo leo ni vigumu kupita kijiji cha Bonde la Ufa usikute bango lake. Mwaka 1929 misheni hiyo, sambamba na ile ya Kanisa la Skotlandi, iliwataka waumini wa Kikuyu waweke alama ya kidole gumba kwenye tamko la kuikana tohara ya wanawake. Watu wakaliita jambo hilo kirore. Aliyekataa alipoteza nafasi yake kanisani, na mara nyingi watoto wake walipoteza shule. Uhasama ukawa mkubwa. Januari 1930 mmisionari Hulda Stumpf aliuawa nyumbani kwake Kijabe. Waliotoka walianzisha shule na makanisa ya kujitegemea, na mwenendo huo ukawafuata maskwota katika mashamba ya walowezi ya Njoro, Elburgon na Naivasha, hadi Olenguruone. Siutaji mwaka 1929 ili kuitetea tohara ile. Wamisionari waliyaona sawasawa madhara yake kwa mwili wa msichana, na sheria ya 2011 inayoipiga marufuku ni sheria njema. Ninachokitazama ni chombo walichokitumia. Walidai alama ya kidole kabla ya mazungumzo, wakaligeuza suala la uchungaji kuwa suala la utii, na msichana mwenyewe, aliyekuwa kiini cha ugomvi, hakuna aliyemuuliza neno.

Habari ya ndoa ya wake wengi inafundisha zaidi. Mwaka 1888 maaskofu wa Kianglikana waliokutana Lambeth, Uingereza, waliazimia kwamba mwanamume mwenye wake wengi asibatizwe. Angeweza kuandikwa kuwa mwanafunzi wa imani na kuendelea kufundishwa mpaka hali yake ibadilike. Wake zake wangeweza kubatizwa katika baadhi ya hali, kwa uamuzi wa wakuu wa kanisa la mahali. Miongoni mwa Wakikuyu, Wakipsigis, Wanandi na Watugen, sheria hiyo na zile za misheni nyingine zilizofanana nayo zilikuwa na uzito wa ajabu. Mke wa pili hakuwa kimada. Alitolewa mahari mbele ya koo mbili, akapewa shamba la kulima na nyumba yake, akazaa watoto waliohesabiwa. Mume aliyetaka ubatizo aliambiwa amwache. Kanisa lililohubiri kwamba talaka ni dhambi likawa linaidai talaka kama ada ya kuingilia, na aliyeilipa ada hiyo alikuwa mwanamke aliyerudishwa kwa kaka zake na watoto wasio na fungu. Askofu Colenso wa Natal alikuwa ameiona kasoro hiyo mapema, katikati ya karne ya 19, wala hakusikilizwa.

Ilichukua miaka 100 kamili. Mwaka 1988, katika mkutano huohuo wa maaskofu uitwao wa Lambeth, azimio la 26 likaruhusu mwenye wake wengi aliyeipokea Injili abatizwe na kupata kipaimara pamoja na wake zake na watoto wake waaminio. Alipaswa kuahidi kutooa tena wakati wake hao wako hai, na jumuiya ya Waanglikana wa mahali ilipaswa kukubali. Hakushurutishwa kumfukuza hata mke mmoja, kwa sababu ya dhiki ambayo wanawake hao wangeipata. Aliyelisukuma azimio hilo alikuwa Mkenya, David Gitari, wakati huo askofu wa Mlima Kenya Mashariki na baadaye Askofu Mkuu. Tafadhali tuutazame vizuri mwendo wa mambo. Biblia ya 1988 ilikuwa ileile ya 1888, na maneno ya Yesu juu ya wawili kuwa mwili mmoja hayakuwa yamefutwa. Kilichoongezeka ni miaka 100 ya wachungaji kuketi na nyumba hizo, kuwajua kwa majina wanawake waliofukuzwa, na kuyaona matunda ya sheria yao wenyewe.

Mpinzani makini atanikatiza hapa. Atasema azimio la 1988 halikuibariki ndoa ya wake wengi. Liliipokea familia iliyokwisha kuundwa, kisha likafunga mlango nyuma yake. Tena Gitari hakulivuta azimio lake liwafikie wapenzi wa jinsia moja. Yote mawili ni kweli, na anayedai kwamba 1988 iliwapa wapenzi wa jinsia moja ndoa ya kanisani anaipotosha historia. Lakini pingamizi hilo linanisaidia kuliko linavyonidhuru. Linaonyesha kwamba kanisa linaweza kushikilia fundisho lake la ndoa na bado likatofautisha swali la ndoa na swali la nani abatizwe, nani ale, nani aimbe kwaya, nani azikwe kwa ibada. Maswali hayo ya pili ndiyo yanayomgusa kijana wa Bahati au Gilgil leo. Wengi wao hawajamwomba mchungaji awafungishe ndoa. Wanachotaka ni kuketi katika benchi walilozoea na mama yao bila kugeuzwa mfano wa mahubiri.

Wengine husema mapenzi ya jinsia moja hayamo katika mila zetu, kwa hiyo kanisa linalinda Biblia na mila kwa pamoja. Hapa watetezi wa upande wangu hukimbilia ndoa ya mwanamke kwa mwanamke, ambayo Wanandi, Wakipsigis na Wakikuyu waliijua: mwanamke asiye na mtoto wa kiume, au mjane mwenye mali, anatoa mahari, anaoa mke, na watoto wa mke huyo wanaingia katika nyumba yake na kurithi jina lake. Mwanaanthropolojia Regine Smith Oboler aliichunguza kwa Wanandi na kuandika juu yake mwaka 1980. Alieleza kwamba mume huyo wa kike alihesabiwa mwanamume katika jamii, na kwamba hakutarajiwa kuwa na mahusiano ya kimwili na mkewe. Basi tusiipake ndoa hiyo rangi isiyo yake. Haikuwa ndoa ya mapenzi ya jinsia moja. Inachothibitisha ni kidogo kuliko hapo, lakini ni kizito: kwamba babu zetu wa Bondeni hawakudhani ndoa ina sura moja tu, wala kwamba umbo la mwili peke yake ndilo linaloamua nani ni mume. Mwaka 2011 Jaji Jackton Ojwang wa Mahakama Kuu ya Mombasa aliitambua ndoa ya namna hiyo ya Wanandi katika kesi ya urithi. Anayesema mila yetu ilijua mume na mke wa namna moja pekee anaisimulia mila ya vitabu vya ndoa vya misheni.

Na kama tunautafuta ugeni, kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, kinachotumiwa dhidi ya wapenzi wa jinsia moja kwa tishio la kufungwa miaka 14, kililetwa na Waingereza, na mizizi yake iko katika kanuni waliyoiandikia India mwaka 1860. Katika miaka hii ya karibuni ugeni umekuwa na pande mbili. Ni kweli kwamba watetezi wa haki hupata msaada kutoka Ulaya na Marekani. Ni kweli vilevile kwamba Agosti 2007 Askofu Mkuu Benjamin Nzimbi aliwaweka wakfu jijini Nairobi maaskofu wawili Wamarekani, Bill Atwood na William Murdoch, ili wawahudumie Wamarekani waliokimbia kanisa lao kwa sababu ya suala hili. Kasisi Kapya Kaoma wa Zambia alionyesha mwaka 2009 jinsi vita vya kanisa la Marekani vilivyohamishiwa Afrika pamoja na fedha zake. Ugomvi wa nani analipwa na nani hautatufikisha popote. Afadhali tuulize wamefanyiwa nini watu wetu wenyewe.

Pingamizi lenye uzito kuliko yote ni la Maandiko, na anayelitoa kwa moyo safi anastahili jibu la heshima. Mambo ya Walawi na Warumi yanasomeka kama yanavyosomeka. Lakini ndani ya Biblia hiyohiyo mlango wa kusanyiko unasogezwa. Kumbukumbu la Torati 23 linamzuia towashi asiingie katika kusanyiko la Bwana. Isaya 56 anamwahidi nafasi ndani ya kuta za nyumba ya Mungu. Katika Matendo 8 Filipo anambatiza towashi Mwethiopia kando ya njia, bila kikao cha wazee wala barua ya parokia. Sisemi towashi na mpenzi wa jinsia moja ni hali moja. Nasema msomaji anayeamini kwamba aya ya kuzuia ikishaandikwa haiwezi kukutana na aya ya kupokea, hajafika mwisho wa kitabu chake.

Nakuru ina kumbukumbu nyingine ya mlango, tena si ya mbali. Mapigano ya kikabila yalipozuka mwishoni mwa 1991 na kuenea Molo na Olenguruone, wanasiasa waliwaita majirani zao madoadoa ya kuondolewa. Askofu Raphael Ndingi Mwana a'Nzeki, aliyeliongoza jimbo Katoliki la Nakuru tangu 1971 hadi 1996, alipaza sauti dhidi ya uovu huo, na viwanja vya makanisa vikajaa waliofukuzwa. Padri John Kaiser alikaa na wakimbizi wa Maela hadi kambi ilipovunjwa Desemba 1994. Agosti 2000 mwili wake ulipatikana kando ya barabara karibu na Naivasha. Hao hawakuwa wakitetea mapenzi ya jinsia moja, nami siwasemei marehemu. Lakini waliukataa mzizi wa fikra ile, kwamba mtu akishapewa jina la doa, kinachompata si juu yetu.

Waliolibeba jambo lenyewe katika Afrika Mashariki ni wachache na wamelipa. Christopher Senyonjo, askofu mstaafu wa West Buganda, alianza kuwasikiliza vijana wa Uganda mwaka 2001 baada ya kuletewa waliokata tamaa, na kanisa lake likamvua haki ya kuhudumu. Januari 2011, katika maziko ya David Kato, mtetezi wa haki za wapenzi wa jinsia moja nchini Uganda, mhubiri aliwashambulia waombolezaji mbele ya jeneza, wanakijiji wakakataa kuzika, marafiki wakalibeba wenyewe, na Senyonjo ndiye aliyeomba kaburini. Nairobi, tangu 2013, kuna jumuiya ya ibada ya wapenzi wa jinsia moja inayojulikana kama Cosmopolitan Affirming Community, iliyosaidiwa na makanisa ya Wamarekani weusi yaliyo chini ya Askofu Yvette Flunder. Waliomo ni watoto wa makanisa ya Kenya, na nyimbo wanazozijua ni zetu.

Kinachoniuma ni kwamba mwenye wake wengi wa 1888, pamoja na kuzuiwa kwake kote, alikuwa na mahali. Azimio lilimwita mwanafunzi wa imani. Mchungaji alimjua, akamtembelea, akamfundisha, na ujuzi huo ndio uliokuja kubadili azimio. Waanglikana walipokutana katika mkutano wa Lambeth wa mwaka 1998 walipiga kura 526 kwa 70 kusema matendo ya jinsia moja hayapatani na Maandiko, lakini azimio hilohilo la 1.10 liliwafunga pia kuusikiliza uzoefu wa watu hao, na likalaani hofu isiyo na sababu dhidi yao. Sehemu ya kwanza ndiyo inayonukuliwa katika sinodi na mikutano ya hadhara. Ile ya pili inahitaji mtu asimame aseme habari zake. Makanisa yetu yanaijua namna hiyo ya kusimama. Uamsho ulioingia Kenya kutoka Rwanda na Uganda mwaka 1937 uliifanya kuwa moyo wa ibada, na mpaka leo ushirika wa jioni hauanzi bila ushuhuda. Ila kwa mpenzi wa jinsia moja ushuhuda unaweza kuwa kukiri kosa la jinai, kwa kuwa Mahakama Kuu ilikiacha kifungu cha 162 mahali pake Mei 2019. Februari 2023, ndani ya ndege iliyotoka Juba, Papa Fransisko alisema kuwafanya watu hao wahalifu ni dhuluma, na Askofu Mkuu wa Canterbury, Justin Welby, aliyekuwa naye, akaafiki. Mwezi huohuo Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua, majaji watatu kwa wawili, kwamba shirika linalowatetea lina haki ya kusajiliwa, na viongozi wengi wa makanisa yetu wakajitokeza kuipinga hukumu hiyo. Mpaka sasa, anayeitwa kutoa ushuhuda Njoro au Molo hawezi kuwa na hakika ni nani mwingine anayeuandika.